Presha ni ugonjwa wa wakubwa? Lindo la usiku, saa nyingi za kazi na kiharusi

Mkazi wa Makorora, Tanga

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ni mlinzi wa usiku katika ghala moja hapa mjini Tanga. Ana umri wa miaka 58, na kwa miaka 11 sasa huingia lindo saa kumi na mbili za jioni na kutoka saa kumi na mbili za asubuhi, siku saba za wiki, isipokuwa siku za Idi ambapo hupata mtu wa kumshikia zamu. Mwezi wa Shaaban uliopita, akiwa njiani kurudi nyumbani kwa baiskeli, mkono wake wa kulia ulilegea ghafla, baiskeli ikamponyoka, na waliomkuta walituambia kwamba alitaka kusema lakini maneno hayakutoka. Aliletwa nyumbani. Wazee wakakaa, wakaona ni upepo mbaya wa alfajiri, akasomewa, akanyweshwa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), na ilikuwa siku ya tatu tulipompeleka hospitali. Huko presha yake ilikutwa 210 kwa 120, na daktari akatuambia kuwa ni kiharusi.

Siandiki haya ili kuwalaumu wazee, kwa sababu nami nilikuwepo na nilinyamaza. Kinachonisumbua ni kauli iliyorudiwa na karibu kila aliyekuja kumjulia hali: "Presha ni ya wakubwa, watu wenye magari na mawazo ya fedha. Mlinzi anakaa kitini usiku kucha, presha aitoe wapi?" Mwajiri wake naye alisema neno hilo hilo kwa lugha ya kiofisi, kwamba kazi ya kukaa haimchoshi mtu, na kwa hiyo maradhi haya ni jambo la familia.

Baadaye nilisoma muhtasari wa utafiti wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, uliochapishwa mwaka 2021, unaokadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Nikachukua kalamu nikahesabu. Saa 12 kwa siku saba ni saa 84.

Naomba kujua kama utafiti wa namna hiyo unaweza kusemwa juu ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa ghala, na kama kuna ukweli wowote katika hiyo kauli ya wakubwa. Tena nina ami mwingine, wa mwisho kuzaliwa, mwenye miaka 44, anayeendesha bodaboda mchana na kulinda duka usiku wa siku nne katika wiki. Nikimwambia akapime presha anacheka. Nimwambie nini?

Mwalimu wa Takwimu, Raskazone

Wa alaykum salaam. Mpe ami pole zetu. Kazi yangu ni kufundisha takwimu, si udaktari, kwa hiyo nitajibu upande wa tafiti tu, na upande wa mgonjwa nitawaachia wanaoujua.

Nianze na kauli ya wazee, kwa sababu haikuanzia Tanga. Katikati ya karne iliyopita, hata Uingereza, watu wengi waliamini kwamba moyo ni ugonjwa wa mkurugenzi, mtu mwenye simu mbili mezani na maamuzi mazito kichwani. Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Wote walikuwa wakifanya kazi katika mji mmoja, wote wana mshahara wa uhakika, na hakuna aliyekuwa fukara wa kulala na njaa. Waliwapanga kwa vyeo, kuanzia watawala wa juu hadi ngazi ya chini kabisa, ambayo ilikuwa ya matarishi na wangoja mlango. Matokeo yaliyochapishwa na Michael Marmot na wenzake mwaka 1978 yalionyesha kinyume cha imani ile: watu wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo mara 3.6 zaidi ya watu wa ngazi ya juu kabisa. Naomba urudie kusoma hapo niliposema wangoja mlango. Katika utafiti ule mzima, mtu ambaye kazi yake inakaribiana zaidi na ya ami yako ndiye aliyekuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote.

Bila shaka mtu atauliza kama si sigara tu, maana walio chini walivuta zaidi. Watafiti waliuliza hivyo hivyo. Walipoweka kando tofauti za sigara, presha, mafuta ya damu na mengineyo, pengo lilipungua, lakini sehemu yake kubwa ilibaki. Ndiyo maana mwaka 1985 walianza utafiti wa pili, safari hii wa wanaume na wanawake 10,308, na humo wakauliza jambo ambalo kabla ya hapo halikuonekana kuwa la kitabibu: Je, wewe mwenyewe una kauli kiasi gani juu ya kazi yako? Nani anaamua uanze lini, upumzike lini, ufanye kwa njia ipi? Waliokuwa na kauli ndogo juu ya kazi yao walipata maradhi ya moyo zaidi ya wenye kauli kubwa. Nadhani jibu la swali lako la kiti limo humo. Ni kweli kwamba mlinzi amekaa, lakini haruhusiwi kusinzia, hawezi kuondoka, hachagui nani aingie wala saa ngapi apokelewe, na kukitokea wizi yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kukaa kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa mapumziko.

Sasa kuhusu saa 55. Utafiti ule wa mwaka 2021 ulikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia, zikiwemo 22 za kiharusi zilizokuwa na washiriki zaidi ya 839,000, na ukaona kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi wana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hapa watu huteleza. Asilimia 35 haina maana kwamba kati ya watu 100 watapooza 35. Ina maana kwamba kama katika watu 1,000 wa saa za kawaida wangepooza 10, basi katika 1,000 wa saa nyingi wangepooza 13 au 14. Kwa mtu mmoja ni nyongeza ndogo, lakini kwa dunia yenye watu milioni 488 wanaofanya kazi saa hizo, ndipo hesabu inapofikia vifo vyote vile. Tena vifo vingi vilikuwa vya watu wa miaka 60 hadi 79, waliokuwa wamefanya kazi saa hizo miaka mingi kabla yake. Madhara huja polepole, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeyahusisha na lindo.

Jambo moja linaniuma kila ninapoisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Ukizigawa hizo 50 kwa nne unapata 12 na nusu, na ukijumlisha na 45 unapata saa 57 na nusu. Yaani hata mwajiri anayefuata sheria neno kwa neno anaweza kumpitisha mtu kwenye mstari wa 55. Ami yako, kwa saa 84 bila siku ya mapumziko, alikuwa ameuvuka mpaka wa sheria na mstari wa utafiti kwa pamoja.

Lakini sitaki kukudanganya. Nyingi ya tafiti zile zilifanywa katika nchi tajiri, na hakuna takwimu inayoweza kusema kwamba mtu huyu mmoja alipooza kwa sababu ya lindo. Inasema tu kwamba lindo la namna hiyo linaongeza hatari. Mwajiri aliyesema kazi ya kukaa haihusiki amesema jambo ambalo ushahidi haumuungi mkono, na hilo linatosha kumjibu.

Konda Mstaafu, Mabawa

Nimesoma kwa makini sana, maana nilikuwa konda kwa miaka 19 katika njia ya Tanga, Korogwe na Lushoto, na nimewazika madereva watatu niliofanya nao kazi. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ajali. Mmoja alianguka msikitini, mmoja hakuamka, na wa tatu alipooza upande mmoja akaishi miaka miwili. Sisi makonda wa wakati ule, tuliokuwa tukipanda na kushuka kila kituo na kupandisha magunia ya viazi kwenye keria, wengi bado tupo, magoti tu ndiyo yanalalamika.

Siku zote nilijua kwamba mzigo wa dereva haukuwa usukani. Mzigo wake ulikuwa hesabu. Gari lijae lisijae, mvua inyeshe, barabara ya mlimani iteleze, jioni hesabu ya mwenye gari ilikuwa ile ile, na ikipungua mara mbili kesho unakuta gari amepewa deiwaka. Kwa hiyo dereva hashuki kwenda haja, hali mpaka saa tisa, na akiambiwa apumzike anaona kama ameambiwa aache kazi. Mwalimu amesema habari ya mtu kukosa kauli juu ya kazi yake. Nilipoyasoma maneno hayo niliwaona wale watatu.

Ningependa kujua kama tofauti ya dereva na konda imewahi kupimwa, au ni bahati yetu tu.

Mwalimu wa Takwimu, Raskazone

Imepimwa, mzee wangu, na ni katika tafiti mashuhuri mno za karne ya ishirini. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara kwa siku. Makonda walipata maradhi ya moyo machache kuliko madereva, na waliougua waliugua katika umri mkubwa zaidi. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuchukulia mwendo wa mwili kuwa jambo la uzima na mauti.

Lakini miaka mitatu baadaye Morris mwenyewe alirudi kuikagua kazi yake, na alifanya hivyo kwa kuangalia vipimo vya sare. Aligundua kwamba madereva walihitaji suruali zenye kiuno kipana kuliko makonda, na kwamba tofauti hiyo ilianza tangu siku walipoajiriwa. Yaani sehemu ya tofauti waliingia nayo kazini. Nampenda mtafiti wa namna hiyo, anayejiwekea kizuizi mwenyewe kabla hajawekewa na wengine. Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba kutembea na kubeba vilikulinda, lakini huenda hata aliyechagua kuwa konda alikuwa mwembamba na mwepesi tangu mwanzo.

Kijana wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa zangu. Ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona tunazungumza kana kwamba ami wa bodaboda amekosa maarifa tu. Anajua kuwa amechoka. Asichokuwa nacho ni njia nyingine, na tukimpelekea takwimu bila kumwambia pengo la fedha litazibwaje, atatusikiliza kwa adabu kisha atawasha pikipiki.

Mfano ninaoutegemea hautoki London bali Ethiopia, ambako maisha yanafanana na yetu zaidi. Christopher Blattman na Stefan Dercon walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanywa kwa kushirikiana na viwanda vitano vilivyokuwa na waombaji wengi kuliko nafasi. Waombaji karibu 1,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa ajira ya kiwandani, wengine wakapewa mtaji wa karibu dola 300 pamoja na mafunzo ya biashara, na wengine hawakupewa kitu. Theluthi ya walioajiriwa waliacha katika mwezi wa kwanza, na kabla ya mwaka kwisha asilimia 77 walikuwa wameondoka. Kipato chao hakikuwa kimepanda, na walikuwa na matatizo makubwa ya afya zaidi ya wale wasiopewa kitu. Waliopewa mtaji kipato chao kilipanda kwa theluthi.

Mimi nilifanya kazi kiwandani miezi mitano na nikatoka nikiwa na kikohozi cha vumbi, na nilipotoka mtaa mzima uliniita mvivu. Baba alikaa wiki mbili bila kunisemesha. Hilo neno uvivu ndilo ningependa litafitiwe. Tunamsifu mtu anayefanya kazi mbili hadi anaanguka, tukimwita mpambanaji, na anayesema mwili umekataa tunamwona hana adabu ya maisha. Kauli ya "presha aitoe wapi" na kauli ya "huyu mvivu" zinatoka mdomo mmoja, kwa sababu zote mbili zinakataa kwamba kazi ya mtu mdogo inaweza kumuumiza.

Nisifiche upande wa pili. Watafiti hao walipowarudia watu wale baada ya miaka mitano, tofauti karibu zote zilikuwa zimefutika, za kipato na za afya pia. Mtaji haukumfanya mtu tajiri, na kiwanda hakikumwacha na ulemavu wa kudumu, pengine kwa sababu wengi walitoka mapema. Mimi nasoma hapo kwamba kuondoka kulikuwa kinga. Ami wa bodaboda hana wa kumruhusu aondoke.

Muuguzi Mstaafu, Pongwe

Mwanangu wa Makorora, nimeuguza miaka 33, na wagonjwa wa kupooza ndio niliowageuza vitandani kuliko wagonjwa wengine wote. Niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Kuhusu kauli kwamba presha ni ya wakubwa, mimi nimeiona inavyozaliwa. Mkubwa ana bima, akiumwa kichwa anapimwa, anaambiwa ana presha, anarudi na dawa zake kwenye mfuko na mtaa mzima unajua. Mchukuzi wa bandarini akiumwa kichwa anakunywa panadol na kurudi kazini, na siku anapoanguka, ugonjwa wake unaitwa "ghafla". Basi kila mwaka tunawaona wakubwa wenye presha na wadogo waliokufa ghafla, tukidhani ni maradhi mawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo, kwa sababu haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akipiga kasia kila siku.

Na wala si kweli kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wenzetu wa Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology uliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walikuwa 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam ni kubwa kuliko za nchi nyingi tajiri. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini, kwa sababu kwa miaka yote nilidhani wodi yetu ina bahati mbaya tu.

Sasa kuhusu siku zile tatu. Usijitese, lakini wafundishe walio nyumbani. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikataa, hata kama ni kimoja tu kati ya hivyo, hata kama kimetokea na kuondoka, mgonjwa aende hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha ya kuhakikisha kwamba si mshipa uliopasuka. Si kila hospitali inaweza kufanya hivyo, lakini hata isipoweza, uuguzi wa siku za kwanza ndio unaoamua mengi.

Kuhusu kombe, nasema kama Mwislamu na kama muuguzi. Sijawahi kumfukuza mtu aliyekuja kumsomea mgonjwa wangu, na nimeona mgonjwa akitulia kwa kusomewa. Lakini aliyepooza mara nyingi koo lake nalo limelegea. Ukimnywesha kitu, hata maji safi, kinaweza kuteremka mapafuni, na nimewapoteza watu kwa homa ya mapafu ambao kiharusi chenyewe wangekivuka. Kwa hiyo msomeeni, tena msomeeni njiani mkimpeleka hospitali, lakini asinyweshwe wala kulishwa chochote mpaka apimwe anavyomeza. Nikiwaeleza wazee hivyo hawajawahi kunikatalia. Walichokuwa wakikikataa ni kuambiwa kwamba dua yao ni ujinga.

Jambo la mwisho sijaliona likitajwa na yeyote hapa. Ule utafiti wa saa 55 uliona kwamba asilimia 72 ya vifo vilikuwa vya wanaume. Naamini hivyo, kwa saa walizozihesabu, ambazo ni za kazi ya kipato. Mke wa ami wako huamka saa ngapi? Kama ni kama wanawake ninaowajua huku Pongwe, saa kumi za usiku amekwisha kuloweka na kukoroga, alfajiri yuko na vitumbua mbele ya nyumba, mchana ana maji, kuni na wajukuu, na sasa ana mwanamume mzima wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha. Wiki yake hakuna aliyeipigia hesabu kwa kalamu. Nakuomba umhesabu.

Na huyo wa bodaboda usimwambie kitu. Kijana wa Chumbageni amesema kweli, hakosi maarifa. Azima kipimo cha presha, au mwite mhudumu wa afya wa mtaa aje nacho, siku ambayo ami mdogo amekuja kumwona kaka yake, na mpime kila mtu aliyemo ndani, kuanzia mama mwenye nyumba. Mwanamume atakataa kupimwa peke yake kwa sababu ni kama kukiri udhaifu, lakini hatakataa akiwa wa nne kwenye mstari baada ya shemeji yake.

Mkazi wa Makorora, Tanga

Shikamoo mama, na shukrani kwenu nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na habari.

Tulipima Ijumaa baada ya swala, kama mama alivyoelekeza. Ami mdogo alikuwa wa tano. Ilisoma 164 kwa 102, akasema kipimo kina kasoro, kikarudiwa baada ya robo saa, kikasoma karibu vile vile. Hakucheka. Lakini aliyetushtua sote alikuwa mke wa ami, ambaye alikuwa 178 kwa 104, na ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumdhania. Aliulizwa kama anaumwa kichwa, akajibu kwamba kinamuuma tangu mwaka juzi, lakini alidhani ni moshi wa kuni.

Kwa swali la pengo la fedha, sijapata jibu zuri na sitajifanya ninalo. Tumekubaliana ndugu wanne kwamba usiku mbili kati ya nne za ami mdogo tuzifidie kwa mchango mpaka mwisho wa mwaka, ili alale. Mwajiri wa ami mkubwa nimemwandikia barua, nikiweka saa 84 upande mmoja na saa 45 za sheria upande wa pili, na nimeuliza kama alimsajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Bado hajajibu.

Nilimsomea ami habari ya wale watumishi wa London. Maneno yake yamerudi, ingawa ni ya taratibu na upande mmoja wa mdomo haujafunguka vizuri. Nilipofika kwenye matarishi na wangoja mlango alinizuia kwa mkono mzima, akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza kama wale wangoja mlango walikuwa wa usiku. Nikamwambia utafiti ulikuwa wa watu wa ofisini, kwa hiyo nadhani walikuwa wa mchana. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Basi sisi bado hawajatuhesabu."

Jumatatu tunakwenda kliniki, yeye, mkewe na ami mdogo. Bodaboda itabaki nyumbani siku hiyo.